Mstari na Kilio: Fani katika Mchoro wa Ganymede

Aghalabu fani katika sanaa ya uchoraji huchukuliwa kuwa pambo la kisa kinachojulikana tayari. Mchoro wa Rembrandt wa kunyakuliwa kwa Ganymede, uliohifadhiwa mjini Dresden, Ujerumani, unaipinga rai hiyo, kwani humo fani ndiyo inayokigeuza kisa.

Kisa chenyewe ni cha Wayunani. Ganymede, mwana wa mfalme wa Troy, alikuwa akichunga mifugo mlimani Ida. Zeus akajigeuza tai, akamnyakua awe mnyweshaji wa miungu. Wengi waliotangulia waliuona unyakuzi huo kuwa utukufu. Michelangelo, mnamo 1532, alimchora kijana mwenye umbo zuri, ametulia makuchani, mbawa za tai zimekunjuliwa kwa ulinganifu pande zote mbili.

Takriban karne moja baadaye, mnamo 1635, Rembrandt akachora mtoto mdogo, mnene, asiyetaka kwenda. Zana zake ni kalamu, wino wa kahawia na brashi. Ulinganifu umevunjika. Mwili wa mtoto unaning'inia kwa uzito wake, na mistari ya kalamu ni ya haraka, mingine haikukamilishwa. Sanaa ya Baroki ilipenda mwendo na mshtuko, lakini hapa mshtuko hautoki kwa mungu. Unatoka kwa anayechukuliwa.

Msomaji aliyekulia Kanamkemer, pembezoni mwa Lodwar, hana haja ya kufafanuliwa mchungaji mdogo wala ndege anyakuaye wana-mbuzi. (Ujuzi huo una hatari yake: huweza kumkimbiza kwenye maudhui kabla jicho halijaifuata mistari.)

Jicho likiifuata, halina budi kutua chini kushoto. Huko wapo wazazi, wamechorwa kwa mistari michache tu, wakitazama juu. Ni wadogo mno kuliko tai, na karatasi iliyo kati yao na mtoto ndiyo inayobeba uchungu wote: hakuna mkono unaoweza kuuvuka umbali ule. Katika picha ya rangi ya mwaka uo huo, ambayo nayo imo Dresden, wazazi hawaonekani. Mtoto yu peke yake gizani, analia, anajikojolea, cheri zingali mkononi. Picha hiyo ndiyo mashuhuri zaidi. Hata hivyo, ni karatasi iliyotaja walioachwa chini.