Virusi vya ngamia vinavyozuia taarifa mlangoni mwa kiini cha seli

DOHA: Msimu wa baridi ukiingia, safari za Al Shahaniya kutazama mbio za ngamia zinaanza tena. Watoto wanataka kumshika ngamia, na ukialikwa izba, mwenyeji anakumiminia maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Kabla hujapokea bakuli, ijue MERS.

Ugonjwa huu uligunduliwa Saudia mwaka 2012. Mwaka uliofuata, virusi vyake vilikutwa kwa ngamia wa shamba moja hapa Qatar lililohusishwa na wagonjwa wawili. Na tusidhani ni mambo ya Uarabuni tu: vipimo vya damu vimeonyesha kwamba hata ngamia wa Kenya na Somalia wamewahi kuambukizwa.

Ujanja wa virusi hivi uko ndani ya seli. Seli vinazozivamia zina chumba cha ndani, yaani kiini, kinachohifadhi DNA. Ukuta wake una matundu, lakini protini kubwa haipiti hivihivi, lazima ibebwe na protini nyingine iitwayo importini. Seli ikivamiwa, protini ya taarifa iitwayo NF-κB hubebwa hadi ndani ya kiini na kuwasha jeni za kinga.

Virusi vya MERS huzaliana nje ya kiini. Sasa protini yao iitwayo 4b inafuata nini humo ndani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa 4b inamng'ang'ania mbebaji yuleyule wa NF-κB. Gari limeshapata abiria, taarifa inabaki nje. Watafiti walipoiondoa 4b maabara, seli ziliitikia kwa nguvu zaidi.

Kinga ikicheleweshwa, virusi vinapata nafasi. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa waliothibitishwa duniani wamefariki, na mpaka sasa hakuna chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa.

Kwa hiyo wazazi, maziwa ya ngamia yachemsheni, na mikono ioshwe kabla na baada ya kumgusa mnyama. Babu au bibi mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au wa mapafu asikaribie ngamia kabisa. Na mtu akipata homa, kikohozi au kubanwa na pumzi ndani ya siku 14 baada ya safari hiyo, mwambieni daktari mapema kwamba alikuwa karibu na ngamia. MERS ina kipimo chake, na daktari asipojua habari za ngamia huenda asikiagize.