Ukigongwa, usikimbilie ‘tuyamalize’!

Vijana wa Nyakatuntu bwana! Pikipiki ikigonga mtu, vumbi halijatulia utasikia, “Waitu, tuyamalize hapahapa.” Mzee mmoja anafanywa hakimu, noti tatu zinatoka mfukoni, watu wanapeana mikono. Jirani yangu alimalizana hivyo akitoka gulioni na ndizi zake. Majuma mawili baadaye mguu umevimba, jembe halishikiki, noti zimekwisha na kijana kila akipigiwa simu hapatikani. Kasheshe!

Mimi sipingi watu kupatana. Nauliza tu, ile bima iliyolipiwa ilikuwa ya nini, urembo?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka chombo cha moto kinachopita barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Mtu wa tatu ni wewe uliyegongwa. Pikipiki yake ikivunjika taa, hiyo ni kazi ya bima kubwa.

Sasa wengi wanaingia mkenge hapa. Wanadhani ukiumia tu, unalipwa. Thubutu! Mambo hayo yako New Zealand, ambako tangu 1974 majeruhi anahudumiwa bila kuulizwa nani mkosaji. Kwetu lazima ionekane aliyekugonga alifanya uzembe. Ndiyo maana unahitaji polisi waje wapime na kuchora ajali, upate PF3, utunze risiti za hospitali na ujue mashahidi wako. Mkimalizana njiani, huna hata kimoja.

Na wewe dereva usijione mjanja. Masharti ya bima kwa kawaida yanakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Ukijifanya bosi barabarani, kampuni inaweza kukuruka.

Kinachokaribia mtindo wa New Zealand hapa kwetu ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008. Dereva aliyeajiriwa akiumia kazini, hadai kwa kuthibitisha kosa la mwajiri. Lakini wewe unayepeleka hesabu kwa tajiri jioni bila ajira inayoeleweka, usiutegemee sana.

Wale wa kuvuka Murongo kwenda Uganda, bima ya nyumbani peke yake haitoshi. Ulizieni Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, ila kadi tunaitumia.

Je, kampuni ikizungusha au ikitaja hela kiduchu? Usisaini karatasi ya kukubali malipo kwa sababu ya njaa. Ukishasaini, kwa kawaida dai limefungwa. Lalamika kwa maandishi kwenye kampuni yenyewe kwanza. Wakigoma, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009, na hulipii huduma yake. Mamlaka ya bima, TIRA, nayo ina mfumo wa intaneti wa kuhakiki bima kwa namba ya usajili wa chombo. Kwa hiyo ukigongwa, namba ya pikipiki iandike mapema, kabla mwenyewe hajaiwasha.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na helmeti ni ya kichwani, kaka, siyo ya kuning’iniza kwenye usukani!