Utalii wa Filamu, Ukitazamwa Kutoka Vitengeni

Ukitoka Malindi ukaupa ufuo mgongo na kuuacha nyuma msitu wa Arabuko-Sokoke, unafika Vitengeni, mji mdogo wa Ganze, Kilifi, ambao mtalii wa ng'ambo hana sababu ya kuufahamu. Nimeufanya mlango wetu kwa makusudi. Vitabu vingi vya taaluma ya utalii wa filamu huanzia kule ambako wageni wamefurika: Matamata ya New Zealand, Dubrovnik, au ghuba ya Maya nchini Thailand, ambayo filamu ya The Beach ya mwaka 2000 iliijaza watu hadi serikali ikaifunga mwaka 2018 ili matumbawe yapumue. Anayeanzia huko huona upesi jinsi filamu inavyovuta watu. Namna inavyochagua na kuacha huonekana vyema zaidi kwa aliyeachwa.

Taaluma yenyewe bado changa. John Urry alieleza mwaka 1990 kwamba mtalii hufunga safari akiwa tayari na picha kichwani. Mwaka 1998 Riley, Baker na Van Doren wakalinganisha hesabu za wageni kabla na baada ya filamu huko Marekani, na mwaka 2005 Sue Beeton akaandika kitabu ambacho kila mwanafunzi hukutana nacho. Nawaheshimu wote. Ila swali lao kuu, la wageni wameongezeka kiasi gani, kwetu halifiki mbali.

Tazama Out of Africa ya mwaka 1985, iliyozoa tuzo saba za Oscar. Nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hiyo, ambayo Denmark iliikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, filamu ikiwa bado moto. Wageni huizunguka wakimtafuta Meryl Streep aliyemwigiza, ingawa filamu ilitumia zaidi nyumba nyingine ya jirani. Na Denys Finch Hatton, mpenzi wa Blixen, aliyeigizwa na Robert Redford? Bwana huyo alikuwa na nyumba Takaungu, hapa hapa Kilifi, kando ya mkono wa bahari, na Blixen mwenyewe aliisimulia kitabuni. Takaungu haikupata makumbusho. Msafara wa watalii huishia kwenye nyumba ya Blixen, chini ya vilima vya Ngong.

Kisa cha Tsavo kinachekesha zaidi. Simba waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 walitengenezewa The Ghost and the Darkness mwaka 1996, lakini sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Afrika Kusini. Simba wenyewe wamekaushwa na kuwekwa katika jumba la Field Museum, Chicago. Kwa hiyo mandhari iko nchi moja, mizoga bara jingine, na Tsavo imebakiwa na jina. Nani basi anastahili fedha za mgeni? Sheria za hakimiliki hazikujibu hilo, na sidhani zitalijibu karibuni.

Kuna filamu zisizoleta mgeni hata mmoja, nazo ni za taaluma hii vilevile. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, ilipigwa Kilifi na ikateuliwa na Kenya kuwania Oscar. Inamfuata kijana anayerudi kwao baada ya nyanya yake kuitwa mchawi, na polepole tamaa ya ardhi inajitokeza nyuma ya tuhuma. Hakuna wakala atakayeuza safari ya kwenda kuona shamba lile, na ni heri. Lakini mtafiti anayepima filamu kwa vitanda vya hoteli atasema haikuwa na athari yoyote, hali ilitangaza nje ya nchi jambo ambalo wazee wa Ganze wanalijua kwa hofu.

Limebaki kundi ambalo wenzangu hawalihesabu kamwe: watazamaji wa vibanda vya video, waliokulia kwenye filamu za Hong Kong, Bombay na Hollywood zikitafsiriwa papo kwa papo na sauti ya DJ Afro. Tumezoea kudhani mtalii wa filamu hushuka kwenye ndege. Kijana wa Vitengeni akipata nauli na siku mbili za mapumziko, huenda wapi, na ni filamu gani iliyomtuma? Sura ya kwanza inaanza naye, akiwa stendi akisubiri matatu ya Malindi.