Bolti za Lori la Jeshi la Zamani



Wenzetu mafundi wa Kabalagala wanaopewa kazi ya kufufua lori la zamani la jeshi la Uingereza wajue kwanza kwamba bolti zake ni za inchi. Madukani leo nyingi ni za milimita. Ile ya milimita 8 na ile ya inchi 5/16 zinakaribiana unene hata jicho hudanganyika, lakini meno hayalingani. Ukilazimisha kwa spana inaingia kidogo, inakula meno, halafu inaachia njiani lori likiwa limebeba wachumaji chai.

Hata za inchi zina makabila. Za Whitworth, zilizoanza mwaka 1841, meno yake yana pembe ya nyuzi 55. Zile walizokubaliana Uingereza, Marekani na Kanada mwaka 1948 ni nyuzi 60.

Kwa hiyo bolti ya asili tusiitupe ovyo. Tuiloweke katika mafuta ya taa, tuisugue kwa brashi ya waya, kisha tuzungushe nati kwa vidole. Tuilaze ubavuni mwa mwenzake, meno kwa meno. Yakipishana, moja imevutika, haifai tena. Tusiichome moto mpaka iwe nyekundu, maana ugumu hutoka.

Za usukani, breki na springi haturudishi, hata tajiri akilia hana fedha. Anunue mpya.

Nati za magurudumu ya kushoto katika malori mengi ya Kiingereza hufunguliwa kinyume. Tujaribu upande huo kabla ya kuongeza bomba kwenye spana.