Siku tatu Sigowet, na homa ya siku ya kumi

Sikukuu ya taifa inapoangukia Jumapili hapa Kenya, Jumatatu yake huwa mapumziko. Siku hizo tatu ndizo wakazi wa mijini huzingojea kwa hamu. Wengi hukimbilia Mombasa au Naivasha, wakala na kunywa kupita kiasi, kisha wakarudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida katika nchi ya majani chai, na ninapoulizwa ni wapi mtu aende akapumzishe mwili na akili, jibu langu ni moja: njoo Sigowet.

Sigowet iko katika Kaunti ya Kericho, kwenye barabara itokayo Kapsoit kuelekea Sondu. Usitarajie hoteli za kifahari. Wageni wengi hulala mjini Kericho, na wenye bahati hulala kwa jamaa na marafiki. Jambo la kufanya huku ni kutembea. Toka asubuhi ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, ufuate vijia vilivyo kati ya mashamba madogo ya chai, uwaone wachunaji wakipeleka majani kwenye kituo cha kuyapimia. Wasalimie "Chamge", nao watakuitikia "Chamge mising", na huenda ukakaribishwa kikombe cha mursik. Saa moja ya kupanda na kushuka vilima hivi ina faida kubwa kwa mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari kuliko siku tatu za kukaa mbele ya sinia la nyama choma. Ila kama una maradhi ya moyo, au kifua hubana unapopanda ngazi za ofisini, muone daktari wako kwanza. Mlima hauna lifti.

Mjini Kericho pana Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lililofunguliwa 2015, ambalo paa lake refu la vigae hupendeza hata kwa asiye Mkatoliki. Nje kidogo ya mji kuna bustani ya miti ya Chagaik, yenye miti kutoka nchi mbalimbali na mbega wengi juu yake. Usiwalishe wanyama hao kwa mkono. Ukiumwa au kukwaruzwa na tumbili wa aina yoyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa. Upande wa Bomet kuna maporomoko ya Tenwek, ambayo nguvu za maji yake hutumiwa kuzalisha umeme wa hospitali iliyo karibu.

Usiku wa huku ni wa baridi, na mvua ya mawe si jambo geni. Njoo na sweta nzito na blanketi, kwani baridi ndiyo huwafanya watu waingize jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iitwayo kaboni monoksidi, ambayo hushika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Mtu huanza kuumwa na kichwa, husikia kichefuchefu na usingizi mzito, akadhani ni uchovu wa safari. Wengine hawaamki. Kama watu wawili au watatu walio katika chumba kimoja wameanza kuumwa na kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje mara moja.

Kuhusu barabara, nina neno moja tu: msisafiri usiku. Ile ajali ya basi ya Fort Ternan ya Oktoba 2018, iliyoua zaidi ya watu 50, ilitokea kabla ya mapambazuko. Kweli, ile ya makutano ya Londiani ya Juni 30, 2023, ambayo pia iliua watu zaidi ya 50, ilitokea kabla ya giza kuingia, kwa hivyo mchana nao hauna dhamana. Lakini mchana angalau utaona lori linalokujia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kutoka vilima vya Sigowet nchi huporomoka kuelekea uwanda wa Kano na Ziwa Victoria. Kwa mwendo wa gari wa saa moja au mbili hivi, mtu hutoka kwenye chai na baridi akajikuta katika miwa ya Muhoroni, mpunga wa Ahero au joto la Kisumu. Basi siku ya pili ya mapumziko wageni wengi hushuka. Wengine hupitia soko la Sondu, ambako wenyeji wa milimani na wa ziwani wameuziana bidhaa kwa miaka mingi. Wengine huenda Fort Ternan, mahali ambapo Louis Leakey alichimbua, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mabaki ya kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 14 iliyopita. Wengi zaidi huenda Kisumu kula samaki pale Dunga. Mimi siwakatazi. Samaki wa Dunga ni mtamu.

Lakini ujue, msomaji, kwamba katika safari hiyo fupi umevuka mpaka usioandikwa kwenye ramani ya barabara. Viini vya malaria kali, baada ya kuingia tumboni mwa mbu, huhitaji joto ili vikomae. Hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzi 18 hivi, vingi havifiki popote kwani mbu hufa kabla havijakomaa. Ndiyo sababu milima yetu ina malaria kidogo kuliko nchi za ziwani. Kidogo, nasema, si kwamba haipo kabisa: mashamba ya chai ya Kericho yalikumbwa na milipuko miaka ya 1940, na baada ya kutulia kwa muda, ugonjwa ulirudi kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Hadi leo, Juni na Julai, mvua ndefu zikiisha, ni miezi ya kuwa macho hata huku juu, na Madaraka huangukia hapo hapo. Kule chini, mbu hao wapo mwaka mzima. Utafiti uliofanywa milimani huku na kuchapishwa 2005 ulionyesha kuwa kusafiri ni mojawapo ya mambo yanayomweka mkazi wa milimani katika hatari ya malaria.

Hatari ni kubwa zaidi kwako wewe wa Nairobi, Nakuru au Eldoret, kwa kuwa mwili wako haujapigana na ugonjwa huu. Hapo ndipo wengi hubishana nami. "Daktari, mimi nilizaliwa Nyando, malaria nimeizoea." Uliizoea ulipokuwa ukiishi huko. Kinga hiyo hupungua mtu akikaa miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, na wanao waliozaliwa mjini hawakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Mama mjamzito na mtu mwenye ugonjwa wa selimundu wasilale kule chini bila kuzungumza na daktari kwanza.

Angalia jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo mjanja. Umelala Ahero usiku wa Jumapili, mbu akakuuma. Jumatatu umerudi nyumbani, Jumanne uko kazini, mzima kabisa. Kwa kawaida homa huja baada ya siku 7 hadi 14, na mara nyingine huchelewa hadi mwezi au zaidi. Kwa hivyo Jumatano ya wiki ya pili ndipo kichwa kinapoanza kuuma, viungo vinalegea, na baridi inakutetemesha. Safari umeshaisahau. Unadhani ni mafua, au chakula kibaya, unanunua dawa ya maumivu dukani. Ukienda kwenye kliniki ya mjini, daktari aliyezoea mafua naye anaona mafua. Wagonjwa wa namna hii nimewaona wengi. Huulizwa kama wametoka nje ya mlima hivi karibuni, hujibu hapana kwa dhati kabisa, mpaka mke au jirani akumbuke ile harusi ya Muhoroni. Malaria kali inaweza kumuua mtu asiye na kinga katika muda wa siku chache tangu homa ianze, na mtoto kwa haraka zaidi.

Ufanye nini basi? Njia rahisi ni hii: kula samaki mchana, na ukwee mlima kabla ya magharibi. Mbu waenezao malaria huuma zaidi kati ya machweo na mapambazuko, kwa hivyo ziara ya mchana pekee ina hatari ndogo. Ukiamua kulala kule, lala ndani ya neti iliyotiwa dawa, vaa nguo za mikono mirefu jioni, na ujipake dawa ya kufukuza mbu. Zipo pia tembe za kujikinga, ambazo huanzwa kabla ya safari na kuendelezwa baada ya kurudi, baadhi kwa siku 7 na nyingine kwa wiki 4. Mwulize daktari ipi inakufaa, kwani doksisaiklini, kwa mfano, haipewi wajawazito wala watoto wadogo.

Na usiingize miguu ziwani hata maji yakikuvutia vipi. Humo mna kichocho. Kama umeshaoga humo, pimwa baada ya miezi miwili, hata kama husikii lolote.

Homa ikikupata katika miezi miwili baada ya safari, pimwa damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari, kabla hajakuuliza, mahali ulipolala na tarehe. Usitafute klorokwini wala Fansidar aliyokuwa akikupa nyanya yako. Kenya iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria 1998, na Fansidar ikafuata 2004, kwa sababu viini vilikuwa vimezishinda. Dawa ya sasa ni ile ya mseto, ambayo humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na hufanya kazi vizuri ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Meza dozi zote sita, hata kama homa imeondoka baada ya ya pili.

Mgonjwa akianza kutapika kila anachokula, akipayuka, akipata degedege, akipumua kwa shida, macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi, hayo si mambo ya duka la dawa. Mkimbizeni hospitali yenye wodi. Na kipimo cha kwanza kikisema hakuna malaria ilhali homa bado ipo, rudi kesho yake upimwe tena, kwani siku za mwanzo viini huweza kuwa vichache mno kuonekana kwenye tone moja la damu.