Ukilipa hospitali, dai risiti kama ya majani chai

Mkulima wa Kericho au Bomet anajua sheria ya kituo cha chai: karani akishapima majani, huondoki bila risiti ya kilo zako. Lakini wengi wetu tukifika hospitalini tunatoa pesa taslimu, tunatibiwa, tunaenda nyumbani mikono mitupu.

Kuna sababu nzuri ya kubadilisha tabia hiyo. Zamani, katika kaunti nyingi, pesa za wagonjwa zilienda kwanza kwa hazina ya kaunti, kisha hospitali ikangoja irudishiwe. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 iliziruhusu hospitali za umma, kama Longisa kule Bomet na ile ya rufaa ya Kericho, zibaki na kile zinachokusanya na kukitumia papo hapo, kwa mfano kununua dawa. Kwa hivyo shilingi 200 yako ikiishia mfukoni mwa mtu, anayeumia ni mgonjwa atakayekuja baada yako.

Ukilipa kwa simu:

- Tumia namba iliyobandikwa kwenye dirisha la malipo. Usitume kwa namba ya mtu binafsi, hata ukiambiwa mitambo imekwama.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Liwe la hospitali.
- Usifute meseji. Ina namba ya muamala, kiasi na saa. Kukiwa na ubishi, hiyo ndiyo risiti yako.

Kabla ya kulipa, uliza kama unafaa kulipa

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ukishajisajili kwa *147#, huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma ni bure. Ukilazwa hospitali kubwa, SHA itakulipia tu kama mchango wako umelipwa. Asiye na mshahara hutoa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na chako kinaweza kuwa juu zaidi kulingana na mapato yako.

Kwa kawaida bonasi ya chai huingia karibu na Oktoba. Ikifika kwa simu yako mwaka huu, toa ya SHA kwanza. Mabati yanaweza kungoja. Ugonjwa haungoji mtu.