Mtoto ana pumu: je, ununue roboti ya kufagia?

Wiki hii nakuletea swali la bibi mmoja kutoka Mpapura, Mtwara Vijijini. Ameniruhusu nilisimulie bila kutaja jina lake, kwa sababu anaamini si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Alikuja kuniona na mjukuu wake wa miaka sita. Asubuhi ile mtoto alikuwa mchangamfu, lakini usiku wa kuamkia juzi yake alikuwa amekesha akikohoa, kifua kikipiga filimbi. Nilimwamkia bibi, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akatoa simu kwenye mkoba na kunionyesha picha ya kidude cha duara, cheusi, kama sinia lililofunikwa.

"Daktari, mwanangu aliyeko Muscat anataka kunitumia hii. Inatembea yenyewe, inafagia, inafyonza vumbi. Ziko za aina nyingi. Sasa mwanangu, wewe umesoma, niambie ipi nzuri nimwambie anunue hiyo."

Hakuniuliza kama inafaa. Alishaamua kwamba inafaa, akataka nichague. Kabla ya kumjibu nilimuuliza mambo matatu: sakafu ya nyumba ikoje, mtoto analala wapi, na anatumia dawa gani.

Sebule na chumba kimoja vina sakafu ya saruji, jiko la kuni liko uani, na uani ni mchanga mtupu. Mtoto analala na bibi kwenye godoro la siku nyingi, ndani ya chandarua. Dawa ni pampu ya buluu, anayovuta kifua kinapobana. Ikiisha, wanasubiri mpaka wapate fedha ya kununua nyingine.

Jibu lililobaki liko katika mambo hayo matatu. Kama una mtoto mwenye pumu, yajibu na wewe kabla hujatoa fedha yako.

Ni vumbi gani linalomsumbua?

Vumbi la nyumbani si kitu kimoja. Kuna mchanga na udongo unaoingia na miguu. Kuna vipande vidogo vya ngozi yetu, nyuzi za nguo, na mabaki ya mende. Kisha kuna utitiri wa vumbi, vijidudu vyenye urefu wa takriban robo ya milimita, ambavyo hula magamba ya ngozi na hupenda joto na unyevunyevu. Pwani yetu ina vyote viwili. Utitiri haung'ati, ila kinyesi chake ni kati ya vitu vinavyoamsha pumu kwa watu wengi duniani. Makazi yake makuu si sakafuni. Ni kwenye godoro, mto na shuka.

Mtwara tuna vumbi jingine. Kuanzia Juni mikorosho inapotoa maua, wakulima hupulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa ya unga husafiri na upepo, hukaa kwenye nguo na nywele za mpuliziaji, na huingia naye ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watoto wanaoishi karibu na mashamba ya bonde la Salinas, jimbo la California, Marekani, uliona kwamba watoto waliokuwa karibu zaidi na salfa iliyopuliziwa walikuwa na nguvu ndogo ya mapafu na dalili nyingi zaidi za kifua. Kule hupulizia mizabibu na mazao mengine, lakini salfa ni ileile.

Mwisho kuna moshi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa kupikia ndani ya nyumba karibu unaongeza mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia. Hakuna mashine ya kufagia inayofyonza moshi wa kuni.

Mashine hizi zimetoka wapi?

Mwaka 1901, Mwingereza Hubert Cecil Booth aliona mashine iliyosafisha viti kwa kupuliza vumbi, akajiuliza kwa nini lisivutwe badala ya kupulizwa. Inasimuliwa kwamba aliweka kitambaa juu ya kiti, akakifyonza kwa mdomo, akaona uchafu umenasa kwenye kitambaa. Mashine za leo zinafuata wazo hilohilo: upepo unavuta, chujio linanasa.

Karne moja baadaye zikaja zinazojiendesha. Kampuni ya Electrolux ya Sweden ilianza kuuza yake mwaka 2001, na mwaka uliofuata iRobot ya Marekani ikatoa Roomba, ambayo ndiyo iliyozieneza majumbani.

Faida yake kwa mwenye pumu ni moja, nayo ni ya kweli. Ufagio wa chelewa ukipita kwenye sakafu kavu hurusha vumbi hewani, na anayelala kwenye mkeka hapo chini ndiye wa kwanza kulivuta. Mashine yenye chujio zuri hulinasa. Pia inaweza kufanya kazi mtoto akiwa shuleni.

Lakini ina mipaka. Haipandi kitandani, na huko ndiko utitiri uliko. Haiwezi mchanga wa uani wala sakafu ya udongo. Nyingi haziruki kizingiti kinachozidi sentimita mbili. Mkeka hukunjamana mbele yake, na chandarua kinachogusa sakafu hunaswa na brashi zake na kuchanika. Najua hili kwa sababu niliwahi kununua moja. Wiki ya kwanza ilichana chandarua cha mwanangu. Wiki ya pili nilikung'uta kisanduku chake cha vumbi palepale chumbani, mimi daktari, na mtoto akapiga chafya hadi usiku. Huko Mtwara, chandarua kilichotoboka ni hasara kubwa kuliko vumbi lililobaki.

Kuna jambo jingine nililomweleza bibi taratibu, maana nilijua halitampendeza. Mwaka 2008 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 54 ya njia mbalimbali za kupunguza utitiri katika nyumba za wenye pumu, zikiwemo mashine za kufyonza vumbi na makava ya godoro. Kwa jumla hawakuona nafuu ya maana katika pumu yenyewe. Usafi ni jambo jema, lakini peke yake hauponyi pumu. Anayekuambia mashine itamponyesha mtoto, hata kama ni mwanao mwenye nia njema, amekosea.

Ukiamua kununua

Kama nyumba yako ina sakafu ya vigae au saruji laini, umeme wa kutegemewa, na dawa za mtoto hazikosekani, roboti inaweza kukusaidia. Angalia yafuatayo:

Chujio. Tafuta lililoandikwa HEPA. Kwa kipimo cha Marekani, HEPA halisi hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3. Maneno kama "mfano wa HEPA" hayana maana hiyo.

Vipuri. Chujio na brashi huchakaa. Uliza kama vinapatikana Mtwara mjini au Dar es Salaam, na kwa bei gani. Mashine iliyotumwa kutoka ng'ambo bila chujio la akiba itakuwa pambo ndani ya mwaka.

Umeme. Iwe ya volti 220 hadi 240. Tumia chaja iliyokuja nayo tu, kwa kuwa betri za lithiamu zikichajiwa kwa chaja isiyo yake zinaweza kushika moto.

Kitufe. Chagua inayowashwa kwa kitufe pia, isiwe lazima simu na intaneti. Bibi hahitaji bando ili afagie.

Kisanduku cha vumbi. Kimwagwe nje ya nyumba, na mtu asiye na pumu, akiwa amefunika pua na mdomo.

Kabla ya kuiwasha, inua chandarua na kukichomeka chini ya godoro, kunja mikeka, okota nyaya na vinyesi vya kuku kama huingia ndani. Usipookota, itavipaka nyumba nzima.

Bila mashine

Kwa nyumba nyingi za Mpapura, na hata za Mikindani na mjini, haya yanatosha na hayahitaji mtu wa Muscat:

Mtoa mtoto nje kwanza. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia sakafu ya udongo. Kwa saruji au vigae, piga deki kwa tambara bichi badala ya kufagia pakavu. Acha madirisha wazi, na mtoto asirudi mpaka ipite kama nusu saa.

Fua shuka na foronya kila wiki. Maji ya nyuzi joto 60 huua utitiri. Kama huna ya moto, kufua kwa maji baridi hupunguza kinyesi chake ingawa hakuui wote. Anika godoro na mito juani. Mto wa sufi wa siku nyingi, mwondolee.

Msimu wa salfa, anayetoka kupulizia avue nguo nje, aoge, ndipo ampakate mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Jirani akipulizia, funga madirisha na mtoto akae ndani au mbali na shamba.

Jiko la kuni libaki nje, na mtoto asiote moto jikoni wakati wa kupika. Asiyeweza kuacha sigara avutie mbali na nyumba.

Dawa kwanza

Sasa turudi kwenye pampu ya buluu. Mara nyingi hiyo ni salbutamoli. Hufungua njia za hewa kwa saa chache, lakini haitibu uvimbe ulio ndani yake. Uvimbe huo hutulizwa na dawa ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, inayovutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza kuwatibu watu wazima na vijana kwa dawa ya kufungua peke yake. Mtoto mdogo naye, kama anabanwa mara kwa mara au anakesha akikohoa, mpeleke akapimwe kama anahitaji dawa ya kuzuia. Usiichague kwa rangi ya pampu, soma jina.

Wazazi wengi huniambia dawa ya kuvuta "inazoesha". Haizoeshi. Kinachotokea ni kwamba dalili hurudi dawa inapoachwa, kwa kuwa ugonjwa bado upo. Mtoto asukutue mdomo kwa maji kila baada ya kuvuta.

Watoto wengi pia hupoteza dawa mdomoni kwa sababu hawawezi kuvuta na kubonyeza kwa wakati mmoja. Wanahitaji chombo cha kati kinachoshika dawa kabla haijavutwa. Kama hakipatikani, chupa ya plastiki ya nusu lita yaweza kutumika. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, waliilinganisha na chombo cha dukani kwa watoto waliobanwa, na chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa. Tundu la kitako lazima lishike kinywa cha pampu bila kuvuja, kwa hiyo mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kulitoboa.

Na usisubiri kliniki ukiona haya: mtoto anashindwa kuongea, kunywa au kunyonya kwa sababu ya kuhema, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, midomo inabadilika rangi, amelegea au amechanganyikiwa, au pampu ya kufungua haimpi nafuu. Mpe dawa ya kufungua, mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na endelea kumpa njiani.

Jibu nililompa bibi

Nilimwambia: mama, mashine ni nzuri, ila ni ya tatu. Ya kwanza ni dawa ya kuzuia isiyokatika. Ya pili ni kitanda cha mtoto. Fedha ikibaki baada ya hapo, mwanao anunue anayotaka.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza lililokuwa moyoni: "Kwa hiyo ni mimi niliyemuumiza? Kila alfajiri nafagia yeye amelala."

Nilimwambia hapana. Pumu ya mtoto haikuanzishwa na ufagio wake, na nyumba safi ni malezi mema. Ila kuanzia kesho amwamshe kwanza, anyunyize maji, ndipo afagie.

Akampigia mwanawe simu palepale mbele yangu. "Hiyo sahani yako isubiri," akamwambia. "Tuma hela ya dawa. Ya kila mwezi, si ya mara moja."

Nimempangia arudi baada ya mwezi mmoja, aje na pampu zote mbili na daftari alimoandika usiku ambao mtoto alikohoa. Kama una mtoto wa aina hiyo, anza daftari kama hilo leo. Litatusaidia sana siku utakapokuja kutuona.